Nyuma ya Ng'ombe wa Baba Mkwe

Manga, 4 Januari 1956

Kuanzia leo anayeipiga teke pikipiki ya zahanati iwake ni mimi, Nyamoita, mkunga. Sista, muuguzi wetu wa Kizungu, amerudi kwao Ulaya kuuguza mgongo, na kabla ya kuondoka aliiambia kamati ya misheni kwamba mashine ibaki na mtu anayezalisha akina mama, si na mtu anayepeleka barua. Wazee wa kamati walikohoa. Mwalimu Onchiri, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema, "Haya. Tumwachie mpaka mvua za Machi. Akiiunguza injini, inakwenda Kisii kwa mjumbe wa ofisi, naye arudie miguu yake."

Nilisema ahsante kwa sauti nyororo. Moyoni nilisema utaona.

Miguu yangu naijua. Mwaka jana ilinifikisha Ekerenyo mara mbili nikakuta watu wameshaanza kulia. Kwa hiyo mashine hii kwangu si fahari. Ah, nisijidanganye, fahari ipo pia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea ukunga, na kwa sababu katika boma hili wanaojua kusoma wanasoma Ekegusii.

5 Januari

Ekerenyo kwenda na kurudi. Upepo, vumbi, kuku wanaruka, watoto wanapiga mayowe. Raha tupu.

9 Januari

Nimekutana na adui wa injini, naye ni mkwe wangu.

Kijito cha chini kimekauka, hivyo baba mkwe anawapeleka ng'ombe wake kunywa kwenye chemchemi, mbali, kwa kufuata barabara ya mgongo wa kilima. Anaondoka jua likiwa utosini. Ni mzee mrefu mwenye koti kuukuu la kijeshi ambalo halivui hata jua liwakeje. Jina lake silitaji, na hata karatasi hii haitalipata.

Kwetu mke wa mwana hampiti baba mkwe njiani. Hamsemeshi uso kwa uso, hampi mkono. Akimkuta yuko mbele, hufuata nyuma kwa adabu mpaka mzee achepuke. Hayo tunayaita chinsoni. Mtu anaweza kuyacheka akiwa mjini, lakini hapa Manga hata kichaa huyashika.

Basi nilifuata. Gia ya kwanza, klachi nusu, miguu ikiburuzika chini, mikia ya ng'ombe mbele yangu inafukuza nzi. Jua juu, vumbi chini. Kabla hatujafika nusu ya njia goti langu lilikuwa linachomeka, harufu ya oili ikapanda, na mlio ukabadilika. Badala ya ule mlio wake wa furaha, mashine ikaanza kuhema, hee, hee, hee. Mzee hakugeuka hata mara moja.

10 Januari

Nimeteremka Kisii kwa Benard Otiende, fundi wa gereji ya nyuma ya maduka. Ni Mjaluo wa Kendu, na anaamini hakuna kitu duniani ambacho yeye hawezi kukifungua na kukifunga tena.

"Dada Nyamoita," akasema, huku akikwaruza matope kwa kisu, "lori iko na rejeta, inakunywa maji. Hii haina. Maji yake ni upepo. Ukikimbia, inakunywa. Ukisimama, inakauka. Ukienda pole pole namna hiyo ya mazishi, inakufa pole pole."

Kumbe yale mabati membamba yanayozunguka silinda ndiyo yanayotupa moto nje, na mimi nilikuwa nimeyaacha yazibwe na matope tangu mvua za Desemba. Akanionyesha pia kijiti cha cheche kilicho kwenye usukani. Nikikivuta nyuma sana injini inachemka bure, kwa hiyo kikae mbele. Nikipanda mlima taratibu, nivute kidogo kile kifuniko cha hewa ili petroli izidi. Nikisimama, nizime, niielekeze pua kwenye upepo. Na nisithubutu kuimwagia maji baridi ikiwa moto, silinda itapasuka kama chungu.

Shuleni walituimbisha kwamba haraka haraka haina baraka. Aliyetunga hakuwa na pikipiki.

13 Januari

Jua. Mikia.

16 Januari

Niandike hili nikiwa bado nacheka.

Nimerudi kutoka chemchemi, nyuma ya wale wale, mashine inatoa joto kama jiko. Nikaiegemeza kwenye ua, nikaingia kunawa. Nilipotoka nikasikia harufu ya sufu inayoungua. Mama mkwe wangu, Kwamboka, alikuwa ameifunika pikipiki kwa blanketi lake zito, akaizungushia kila upande, na sasa amekaa kando yake kama mtu anayemwuguza mtoto.

"Baba, unafanya nini?" nikapiga kelele. Kwa Ekegusii mama ndiye huitwa baba, nami kwa mshtuko nilisahau hata kumwamkia.

"Ina homa," akasema. "Nimeigusa. Homa hutoka kwa jasho. Ukimfunika mgonjwa vizuri, atatoa jasho, atapoa."

Nililivuta blanketi. Lilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Yeye akalitazama tundu, akatazama mashine, akasema, "Umeona? Homa imetokea hapa."

Mtu wa namna hii utamkasirikiaje? Nimemwahidi blanketi jipya.

21 Januari

Sabato. Mashine imepumzika pamoja na watumishi wengine wa Bwana. Nimesali mvua ije, kisha nikasali isije kwa nguvu sana, maana matope nayo ni mabaya.

26 Januari

Sasa nina hakika. Mzee anafanya makusudi.

Leo nilikuwa mwangalifu. Mabati nimeyasugua mpaka yanang'aa, kijiti cha cheche kiko mbele, kila kitu kama alivyosema Otiende. Nilipowafikia ng'ombe walikuwa wanatembea mwendo wao wa kawaida, hata wa furaha, maana walikuwa wananusa maji. Nikasema leo afadhali. Kisha mashine ikaanza kuhema kidogo. Mzee akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Na hapo hapo akanyoosha fimbo mbele ya dume lake lenye pembe iliyovunjika, akalizuia, kundi lote likapunguza mwendo.

Mashine ikahema zaidi. Akapunguza zaidi. Mwishowe tulikuwa tunakwenda kama watu wanaobeba mayai.

Nimeolewa katika boma hili miaka minne na sikuwahi kumdhania ubaya. Mume wangu, anayefanya kazi Kericho, humsifu baba yake kwa upole. Huo ndio upole? Anajua kamati imesema nini. Manga nzima inajua. Hataki mke wa mwanawe akae juu ya chuma mbele za watu, na kwa kuwa hawezi kuniambia, ameamua kuichoma injini yangu kwa miguu ya ng'ombe. Nimekasirika sana na sitaki kuficha.

3 Februari

Nimechelewa. Nilijaribu hila ya kuzima na kusubiri chini ya mti mpaka kundi lipotee kwenye kona. Injini ilipoa vizuri. Lakini nilipofika Ekerenyo mtoto alikuwa amezaliwa peke yake sakafuni, kitovu kimefungwa kwa uzi wa gunia. Yuko hai. Ni bahati, si mimi.

Jioni nikamwendea mama mkwe jikoni. "Baba, mwambie mzee aniachie njia."

Akaweka mwiko chini. "Nimwambie mke wa mwanawe anataka kumpita?"

"Si kumpita. Anaponisikia, achepuke kidogo."

"Mokamwana, mke wa mwana, amwagize mzee achepuke! Na mimi ndiye nipeleke hayo maneno?" Akatazama mlangoni kana kwamba mtu amesikia. "Kula ugali, mwanangu. Umechoka."

Nikala ugali.

9 Februari

Imejishika. Katikati ya mlima pistoni ilikwama ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likakatalia, nikaanguka kwenye michongoma. Baada ya kupoa ilizunguka tena, nikaiteremsha mpaka Kisii kwa mteremko zaidi kuliko kwa petroli.

Otiende alifungua, akatazama, akaacha kutania. "Imekwaruza. Nimelainisha. Mara nyingine ikijishika, usiniletee, mpelekee kamati moja kwa moja."

Nikamweleza habari za mzee. Akatupa mikono juu. "Piga honi, pita! Hii ni mwaka gani?"

"Wewe Benard, mama mkwe wako akiwa mbele yako njiani, utampigia honi?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi," akasema, "nikimwona ule mama nitaruka kwa kichaka na pikipiki yote."

Tukacheka mpaka wenye duka wakachungulia.

14 Februari

Jua. Mikia. Nimesimama mara tatu kupoza.

17 Februari

Jua. Majani ya migomba yamejikunja. Mikia.

21 Februari

Leo nitaandika yote.

Kabla ya saa sita alifika zahanati mtu anatoka jasho mpaka viatuni, shemeji yake Nyangate wa Ekerenyo. "Nyangate amejifungua tangu asubuhi," akasema. "Mtoto analia vizuri. Lakini kondo halijatoka na damu haikatiki. Wameweka gunia la pili."

Nikachukua mfuko na sindano, nikapiga teke. Kupanda mpaka mgongo wa kilima tu kulitosha kuipasha mashine, maana leo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikatokea juu. Ng'ombe walikuwa pale, wamejaza barabara, na mbele yao lile koti.

Nilifuata. Mashine ikaanza kuhema. Mzee akainamisha kichwa, akanyoosha fimbo, kundi likapunguza mwendo.

Nikaona mambo matatu kwa wakati mmoja. Nikifuata, injini itajishika kabla ya chemchemi na safari hii haitaachia. Nikizima nikasubiri, Nyangate atakwisha. Na nikipita? Nafasi ilikuwepo upande wa kulia, ya kutosha kabisa. Mkono wangu ulishika mpini wa kuongeza moto, nikauambia zungusha. Haukuzunguka. Atakayesema ni ujinga na aseme, hakulelewa Manga. Nilikuwa nalia kwa hasira, namwona Nyangate kwenye gunia, na mkono haukuzunguka.

Hapo nikakumbuka jinsi mama yangu mzazi alivyofanya siku paa la baba mkwe wake liliposhika moto. Hakumwita. Alikiambia kinu, mzee akasikia.

Nikazima injini. Ng'ombe wa mwisho alikuwa mweusi, mwenye masikio makubwa. Nikamwambia kwa sauti ambayo ingesikika ng'ambo ya bonde, "Wewe ng'ombe mweusi! Mwambie mwenye fimbo kwamba Ekerenyo kuna mwanamke anatokwa damu, na mashine yangu inaungua hapa nyuma yako."

Kundi likasimama. Mzee akasimama. Hakugeuka. Kisha akaweka mkono juu ya shingo ya dume lile la pembe iliyovunjika, akasema nalo taratibu.

"Wewe dume, mwulize huyo aliye nyuma, mashine yake inaumwa nini? Tangu mwezi wa kwanza naisikia inahema nyuma yangu kama ng'ombe mgonjwa wa mapafu. Nami napunguza mwendo ili isianguke. Ikihema zaidi, nazidi kupunguza. Leo nilikaribia kusimama kabisa."

Nilikaa juu ya kiti cha pikipiki, mdomo wazi. Kiangazi kizima! Kiangazi kizima mzee huyu amekuwa akiihurumia, na huruma yake ndiyo iliyokuwa ikiiua, na kadiri ilivyokufa ndivyo alivyozidi kuihurumia. Nami kila usiku nilikuwa nikilala nimemweka moyoni kama adui.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie haipumziki kwa kwenda pole. Inahema kwa kukosa upepo. Ikikimbia ndipo inapopoa."

Mzee akalikuna dume nyuma ya sikio.

"Ikikimbia ndipo inapopoa?" akaliuliza dume.

"Ndiyo, ng'ombe."

"Mashine ya Wazungu," akaliambia dume, kama vile hilo linaeleza kila kitu.

Upande wa kushoto palikuwa na shamba lake la wimbi, limeota kufikia kifundo cha mguu, Kwamboka ndiye aliyelipalilia juma lililopita. Mzee akavuta kitita cha miiba kilichoziba mlango wa shamba, akapiga mluzi, akawaingiza ng'ombe wote ndani ya wimbi lake mwenyewe. Naye akaingia, akanipa mgongo, akainua ukosi wa koti mpaka ukafunika masikio. Mtu aliye shambani kwake, amegeuka, haoni, hayuko njiani. Huyo hapitwi.

"Mwambie ahsante," nikamwambia ng'ombe mweusi, ambaye tayari alikuwa na wimbi mdomoni.

Nikapiga teke. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na upepo ukaja. Niliusikia ukipita miguuni na katikati ya yale mabati, na mlio ukarudi wake wa zamani.

Nyangate alikuwa mweupe kama unga. Nikamchoma sindano, nikakanda tumbo, kondo likatoka zima, damu ikapungua, ikakatika. Nilikaa naye mpaka kivuli kiliporefuka. Alipofumbua macho vizuri aliomba uji, kisha akalalamika kwamba hauna sukari. Sijawahi kufurahia lalamiko namna ile.

22 Februari

Mama mkwe amelia juu ya wimbi lake. "Nimemwuliza mzee kwa nini ng'ombe wameingia shambani. Unajua amenijibu nini? Eti waliambiwa."

Nimekwenda kupanda tena pamoja naye. Sikumweleza, ila nafikiri anajua.

23 Februari

Nimeyasoma niliyoandika Januari juu ya mzee. Nimeona haya. Sitayafuta.

8 Machi

Wingu moja juu ya Manga. Limeondoka.

15 Machi

Pikipiki inabaki. Niseme hilo kwanza, kisha nieleze nilivyofika.

Kamati iliniita Ekerenyo, saa saba mchana, mashine ikaguliwe ikitoka safarini, si ikitoka kivulini. Otiende aliletwa kutoka Kisii aitazame. Hiyo saa saba aliichagua Mwalimu Onchiri, na sidhani aliichagua kwa kunipenda. Mawingu yalikuwa yamefunika bila kunyesha, fukuto la kumfanya mtu atoke jasho amekaa. Nikachelewa kwa sababu ya mama mmoja aliyeletwa zahanati dakika ya mwisho. Nilipofika juu ya kilima, nikaingia kwenye ile sehemu ya mwamba, ambapo kulia ni ukuta wa jiwe na kushoto ni bonde. Hapo hakuna shamba wala pa kuchepukia. Hata mbuzi hachepuki.

Ng'ombe walikuwa ndani yake tayari, na koti mbele yao.

Nikajiambia, Nyamoita, ndiyo hivyo. Utaifikisha inatoa moshi, mbele ya wazee wote. Nikapunguza mpaka gia ya kwanza. Hee, hee, ikaanza.

Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza. Hakugeuka. Akakusanya pindo za koti kwa mkono mmoja, akainua fimbo kwa mkono wa pili, akapiga yowe ambalo nadhani hakulipiga tangu ujana wake, na akaanza kukimbia.

Mzee mwenye wajukuu! Miguu myembamba inaruka mawe, koti linapepea, na ng'ombe wote nyuma yake wanakimbia mikia juu kwa mshangao, na mimi nyuma ya ng'ombe, gia ya pili, gia ya tatu, upepo usoni. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma mboga walishika vichwa. Mmoja akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Nilikuwa nacheka na machozi yananikaukia mashavuni kwa ule upepo.

Otiende aliweka kiganja karibu na silinda mbele ya kamati, akakiacha hapo, akasema, "Hii imekuja ikikunywa vizuri." Onchiri naye akaweka chake. Basi.

Lakini nilichotaka kuandika ni hiki. Mwamba ulipokwisha, mzee aliwaongoza ng'ombe nje ya barabara kwenye chemchemi, akasimama amenipa mgongo, mikono juu ya magoti, anahema. Nilisikia kuhema kwake kupita mlio wa injini. Nikataka kupunguza mwendo, kwa huruma. Kisha nikakumbuka huruma ya namna hiyo ilivyotuponza kiangazi kizima, nikaongeza moto.